Moyo unapapatika nikiwa nimetulia: mishipa ya fahamu inahusikaje?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 48, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Huu ni mwaka wa pili moyo wangu unanishika usiku. Nikila chakula kizito nikalala, mnamo saa nane au saa tisa nazinduka moyo unarukaruka ovyo, kwa muda wa saa mbili tatu hivi, kisha unatulia wenyewe. Nilipimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mara mbili ikawa safi. Ya tatu ndiyo iliyounasa, wakaandika AF. Nimepewa atenololi. Watu wananiambia ni mawazo. Lakini wiki za mitihani, hata nikigombana na watu kazini, haunishiki. Unanishika nimetulia, au jioni ya Jumamosi baada ya kucheza mpira na wenzangu. Mishipa ya fahamu inahusikaje hapa? Na je, ni kweli kwamba kukohoa kwa nguvu, au kulala ubavu wa kulia, kunasaidia?

Jibu: Salama, mwalimu, na pole kwa kukoseshwa usingizi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ina kitu ambacho wagonjwa wengi hawatuambii na sisi madaktari mara nyingi hatuulizi, yaani saa. Umeniambia unashikwa wakati gani, ulikuwa umetoka kufanya nini, na ni mambo gani hayakushiki. Ningekuwa na wewe kliniki, ningeanzia hapohapo kabla ya kushika kifaa chochote.

Wanaosema ni mawazo wamepata nusu wamekosa nusu. Mishipa ya fahamu imo kweli, tena imo sana. Ila siyo ile ya kuwazia mitihani na madeni. Ni ile inayofanya kazi bila kukuuliza: inapandisha na kushusha presha, inakutoa jasho, inasukuma chakula tumboni, inabana mboni ya jicho ukitoka nje juani. Ina pande mbili. Upande wa simpathetiki hukuandaa kukimbia au kupambana. Upande wa parasimpathetiki hukuandaa kula, kusaga chakula na kulala. Kwa moyo, upande huu wa pili hupitia neva moja ndefu, yaani mshipa mmoja wa fahamu, iitwayo vagasi, jozi ya kumi kati ya jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kichwani. Jina lake ni la Kilatini, maana yake mzururaji, na kweli inazurura: inashuka shingoni sambamba na mshipa mkubwa wa damu, inaingia kifuani, inatoa matawi kwenda kwenye moyo na mapafu, kisha inafuatana na umio hadi tumboni.

Moyo una kichocheo chake wenyewe, kijipande cha nyama kilicho kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Kikiachwa peke yake, bila neva yoyote, kwa kijana hupiga karibu mara 100 kwa dakika, na kwa umri wako kama 90 hivi. Tunayaona haya kwa waliopandikizwa moyo: neva hukatwa wakati wa upasuaji, na moyo mpya huenda 90 hadi 110 hata mwenyewe akiwa amejilaza. Sasa wewe, ukiwa umekaa unasahihisha madaftari, mapigo yako bila shaka ni 65 au 70. Tofauti hiyo yote ni vagasi imekanyaga breki. Kwa hiyo mgonjwa anaponiambia "nilikuwa nimetulia tu, hakuna chochote kilichokuwa kinaendelea," mimi nasikia kwamba breki ilikuwa imekanyagwa hadi chini. Kutulia kwa moyo ni kazi, na kuna anayeifanya.

Unaweza kuigusa kazi hiyo kwa vidole vyako. Siku ambayo moyo uko sawa, kaa mahali pa kimya, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, upande wa dole gumba, mpaka uhisi mapigo. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi tano, itoe taratibu ukihesabu hadi tano. Baada ya pumzi tatu nne utagundua kwamba unapovuta mapigo yanakaribiana, na unapotoa yanaachana. Hiyo ni vagasi inalegeza na kukanyaga, inalegeza na kukanyaga. Si ugonjwa, kwa vijana huwa wazi zaidi, nasi tunaifurahia tukiiona kwenye karatasi ya ECG.

Halafu usiku ukishikwa, weka vidole palepale. Mpangilio ule hutaupata, wala mwingine wowote. Utahisi pigo nene, jingine jembamba, mawili ya haraka, pengo, moja ambalo karibu halifiki kidoleni. Huo ndio mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ndiyo AF waliyokuandikia. Vyumba vya juu huacha kubana kwa pamoja vikawa vinatetemeka, umeme ukizunguka humo mara 350 hadi 600 kwa dakika. Bahati yetu ni kwamba kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna lango la umeme linalopitisha baadhi tu ya mishtuko hiyo. Lango hilo nalo linatii neva zilezile: vagasi hulibana, simpathetiki hulifungua. Ndiyo maana mtu mwenye AF ya kudumu mapigo yake hupungua akilala na hufyatuka akipanda ngazi, ingawa mpapatiko wenyewe haukusimama hata sekunde moja.

Kwamba neva inaweza kuupunguza moyo kasi, hata kuusimamisha, iliripotiwa na ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, mwaka 1845. Namna inavyofanya ilifahamika mwaka 1921 mjini Graz, Austria, kwa Otto Loewi. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Akasisimua vagasi ya ule wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji uliokuwa ukiogea, akayamimina kwenye ule wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mwendo. Maana yake neva ilikuwa imetoa dawa. Dawa hiyo tunaiita asetilikolini, na Loewi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Nimekusimulia haya kwa sababu dawa ileile ya vyura wa Graz ndiyo inayohusika kitandani kwako saa nane za usiku.

Kwenye kichocheo, asetilikolini hupunguza mwendo, na hilo ni jema. Lakini kwenye nyama ya vyumba vya juu hufanya jambo la pili. Fikiria moto wa nyika. Moto ukishapita mahali pakabaki majivu, hauwezi kurudi hapo mpaka nyasi ziote tena. Umeme wa moyo uko hivyohivyo: kila sehemu ikishapitiwa hubaki majivu kwa muda mfupi, haiwezi kuwaka tena, na muda huo ndio unaolizuia wimbi lisigeuke kurudi lilikotoka. Asetilikolini hufungua milango ya potasiamu kwenye seli, seli zinapoa haraka, nyasi zinaota kabla ya wakati. Tena matawi ya vagasi hayakusambaa sawasawa. Hapa yamejaa, pale ni haba, kwa hiyo mahali pengine nyasi zimeshaota na jirani yake bado ni majivu. Wimbi likija linakatika vipande, kila kipande kinapata njia yake ya kuzunguka, na mizunguko inaanza kukimbizana. Cha kushangaza ni kwamba vyumba vya chini matawi ya vagasi ni machache, kwa hiyo hii ni shida ya juu zaidi kuliko chini.

Nyasi peke yake haziwaki. Anahitajika mtu wa kupiga kiberiti, na hapa ndipo upande wa simpathetiki unapoingia. Noradrenalini, dawa inayotolewa na neva za upande huo, huingiza kalsiamu nyingi ndani ya seli ili moyo ubane kwa nguvu. Kalsiamu ikizidi hufurika kutoka kwenye ghala lake wakati ambao seli ingepaswa kutulia, na seli inafyatua pigo ambalo halikuagizwa. Cheche hizo mara nyingi hutoka mahali pamoja panapojulikana. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichunguza wagonjwa 45 wenye AF ya kuja na kuondoka, na asilimia 94 ya vyanzo vya cheche walivyovipata vilikuwa ndani ya vena nne zinazorudisha damu kutoka mapafuni. Kazi hiyo ilibadilisha kabisa namna tunavyoitibu AF. Na pale vena hizo zinapoingia moyoni, ndani ya mafuta yanayouzunguka moyo, kuna vishada vya neva ambamo nyuzi za vagasi na za simpathetiki zimefumana. Mpiga kiberiti na mwotesha nyasi wanakaa nyumba moja.

Kwa hiyo swali la "ni vagasi au ni simpathetiki" mara nyingi jibu lake ni zote mbili kwa zamu. Watafiti wa Geneva waliangalia rekodi za saa 24 za watu ambao AF iliwaanza wakiwa wamevaa kifaa, wakachapisha walichokiona mwaka 2002: kabla ya shambulio simpathetiki ilikuwa inapanda, kisha ghafla mizani ikaegemea upande wa vagasi, na hapo ndipo mpapatiko ukaanza. Sasa rudi kwenye Jumamosi yako. Dakika tisini za mpira ni simpathetiki tupu. Unatoka uwanjani, unaoga maji baridi, unajinyoosha, na vagasi inarudi kwa kishindo wakati kalsiamu bado haijatulia. Si mpira wenyewe unaokushika, ni ile saa ya kushuka kutoka kwenye mpira.

Aliyeyatenga makundi haya kwa kuwasikiliza wagonjwa alikuwa Philippe Coumel wa Paris, miaka ya mwishoni mwa 1970 na kuendelea. Aliona kwamba kuna watu, wengi wao wanaume wa makamo wasio na ugonjwa mwingine wa moyo unaoonekana, ambao AF huwajia usiku, baada ya kula, baada ya mazoezi au baada ya kunywa pombe, nadra sana wakiwa katikati ya purukushani. Akaiita AF ya vagasi. Na kuna wengine inawajia mchana, wakifanya kazi ngumu au wakikasirika. Hiyo ni ya simpathetiki, na mara nyingi moyo wao una tatizo jingine, au tezi ya shingo inazalisha homoni kupita kiasi. Mwalimu, maelezo yako yanafanana na kundi la kwanza hadi yanashangaza. Chakula kizito kinaingia humohumo: vagasi ndiyo inayoendesha kazi ya tumbo, na umio wenyewe umepita nyuma ya chumba cha juu cha kushoto, wamegusana kabisa.

Lakini nisikuache ukadhani nimeshamaliza. Wagonjwa wa vagasi tupu ni wachache. Wengi wamechanganyika, na nyuma ya neva karibu kila mara kuna nyama ya moyo ambayo imeanza kuchoka. Neva ni upepo. Kinachotakiwa kuulizwa ni nyasi zimekauka kiasi gani. Presha ya muda mrefu ndiyo inayozikausha kwa watu wengi zaidi, kwa kuvitanua vyumba vya juu na kuvijaza makovu. Katika nchi zetu kuna na vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Hasa vali ya upande wa kushoto ikisinyaa, chumba cha juu hutanuka mno. Kwa hiyo kama hujafanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ifanye. Na damu ipimwe homoni za tezi ya shingo, potasiamu na sukari. Ninasema haya nikiwa na sura ya mtu mmoja akilini, dereva wa lori, ambaye kwa mwaka mzima alitibiwa "wasiwasi" hali vali yake ilikuwa imebaki tundu dogo.

Kuna jambo hukulitaja, nami ningependa tulikalie kidogo. Unakoroma? Usinijibu wewe, muulize mama watoto. Muulize kama kuna wakati unakoroma, kisha kimya, kimya kinachomtia hofu, halafu unashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu anayeibuka majini. Katika kimya hicho njia ya hewa imeziba, wewe bado unavuta. Kifua kinavutana na hewa isiyoingia, na mvuto ule unazitanua kuta nyembamba za vyumba vya juu. Oksijeni inashuka, vagasi inakanyaga breki. Kisha unashtuka, na simpathetiki inaruka kwa mkupuo mmoja, presha inapanda. Dakika mbili baadaye, tena. Mara ishirini, thelathini kwa saa kwa wale walioathirika sana. Angalia ni vitu gani vimekutana: mvuto, upungufu wa hewa, vagasi, simpathetiki, vyote kwenye kitanda kimoja, usiku kucha. Mtu akiniambia AF yake inamzindua saa nane za usiku, kukoroma ni kitu cha kwanza ninachokitafuta, hata kabla ya kumwita mgonjwa wa vagasi. Shingo nene, kitambi, kusinzia mchana darasani wakati wanafunzi wanaandika, presha isiyoshuka kwa dawa, hizo ni dalili zake. Kupunguza uzito, na kwa wengine kulala na mashine ya kusukuma hewa, hupunguza mzigo huu.

Pombe sijui kama unatumia. Kama unatumia, hii ndiyo dawa iliyo karibu kuliko zote. Huko Australia watu 140 wenye AF waliokuwa wakinywa walau vipimo kumi vya pombe kwa wiki waligawanywa, wengine wakaacha au wakapunguza sana, wengine wakaendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ndani ya miezi sita AF ilirudi kwa asilimia 53 ya walioacha na asilimia 73 ya walioendelea. Miraa nayo ina kemikali inayofyatua noradrenalini, inapandisha mapigo na presha, na anayetafuna usiku kucha kisha akalala alfajiri anajitengenezea ile mizani ya Geneva kwa mikono yake. Kahawa nimeacha kuwakataza wagonjwa wangu. Kikombe kimoja au viwili vya kahawa chungu havijaonekana kuongeza AF kwa watu wengi. Lakini wewe ukiona vinakushika, moyo ni wako, viache.

Sasa atenololi, na hapa nakuomba uwe makini. Atenololi na ndugu zake huzuia simpathetiki. Kwa AF ya mchana na ya mbio, hufaa sana. Kwa mtu mwenye sura ya vagasi, kuzuia simpathetiki ni kumwachia vagasi uwanja wote, na Coumel mwenyewe aliona kwamba baadhi yao hushikwa zaidi. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, ni vivyo hivyo, maana inaiongezea vagasi nguvu. Hilo halina maana kwamba daktari wako amekosea. Huenda aliandika kwa ajili ya presha, au kwa ajili ya kulibana lile lango ili vyumba vya chini visikimbizwe mapigo 150 pale AF inapoanza. Usiiache ghafla, moyo uliozoea atenololi ukinyimwa kwa mara moja hucharuka. Nenda mjiulize pamoja maneno haya: tangu nianze dawa hii mashambulio yameongezeka, yamepungua au yamebaki palepale? Ndiyo sababu ninataka uwe na daftari. Tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, ulikula nini na saa ngapi, ulicheza, ulikunywa, ulilalaje, mapigo mangapi kwa dakika nzima, si kwa sekunde kumi na tano ukizidisha, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio hayahesabiki hivyo. Hata mashine ya presha hupiga chenga wakati wa AF. Pima mara tatu uchukue wastani.

Zipo dawa nyingine zinazoutuliza umeme wa nyama yenyewe, kama flekainidi, na moja ya zamani, disopiramidi, ambayo pamoja na hilo huifunga mdomo vagasi. Kisa cha dawa za namna hii kinaanzia kwenye dawa unayoijua. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alimwambia daktari wake, Karel Wenckebach, kwamba mapigo yake yasiyo na mpangilio huyakomesha mwenyewe kwa kumeza kwinini, ile aliyozoea kuitumia kwa malaria. Wenckebach hakuamini mpaka alipojionea. Kutoka kwenye familia hiyo ikaja kwinidini, na kwa miaka mingi ikawa tegemeo la tiba ya AF. Tafadhali usiende duka la dawa kununua kwinini: dozi ya kubadili moyo inaweza pia kuuvuruga vibaya, na dawa zote za kundi hili zinataka ECG kabla na baada.

Pale dawa zinaposhindwa kuna njia ya kupitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi chumba cha juu cha kushoto, na kuzichoma kwa mviringo zile njia za vena za mapafu ili cheche zisivuke. Jambo moja linalonivutia katika kazi hii ni kwamba wengi wanaofanyiwa huamka na mapigo yaliyopanda kidogo kuliko zamani, kama kumi hivi kwa dakika, kwa sababu vile vishada vya neva vya jirani navyo vimeguswa na moto. Breki imelegea. Kwa wengine hiyo ni sehemu ya kupona. Pia kuna kazi ya Oklahoma, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2020, ambapo watu 53 waligawanywa, baadhi wakavaa kibanio sikioni, kwenye kile kinyama cha mbele ya tundu ambako tawi dogo la vagasi linafika, kikitoa umeme hafifu saa moja kila siku. Baada ya miezi sita muda wanaokaa kwenye AF ulikuwa pungufu kwa asilimia 85 ukilinganisha na waliobanwa mahali pasipo na tawi hilo. Utashangaa: si tumesema vagasi inaleta AF? Ndiyo, ikisisimuliwa kwa nguvu. Ikiguswa kwa upole, chini ya kiwango cha kupunguza mapigo, huwatuliza wote wawili, mwotesha nyasi na mpiga kiberiti. Bado ni utafiti mdogo, si tiba ya kuagiza mtandaoni.

Usikae ukisubiri vitu hivyo huku mashambulio yanaongezeka. Mwaka 1995 huko Maastricht, Uholanzi, waliwawekea mbuzi kifaa kilichokuwa kikiwarudisha kwenye mpapatiko kila walipotoka. Mwanzoni kila mpapatiko ulikoma baada ya muda mfupi. Baada ya wiki moja mbili, kwa wengi wao haukukoma tena wenyewe. AF huzaa AF. Ya kwako bado inakoma yenyewe, na huu ndio wakati mzuri wa kuishughulikia.

Kuhusu kiharusi nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza upande mmoja wa mwili. Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu sawasawa. Damu inatuama kwenye kifuko kidogo cha upande wa kushoto, inaganda, bonge linakwenda kichwani. AF huongeza hatari hiyo takriban mara tano. Na bonge haliulizi kama AF yako ni ya vagasi au ya simpathetiki, ya usiku au ya mchana, ya saa mbili au ya kudumu. Kinachoamua kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda ni hesabu nyingine: umri wa miaka 65 na kuendelea, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, kiharusi cha nyuma, ugonjwa wa mishipa ya damu. Mwanaume wa miaka 48 asiye na hata kimoja kwa kawaida hahitaji. Ukiwa na presha, hesabu inabadilika, jadilianeni. Mwenye vali iliyosinyaa kwa baridi yabisi anahitaji bila kuhesabu, na kwake warfarini ndiyo inayotangulia. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulioshirikisha Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini ulionyesha kuwa waliotumia dawa za aina ya warfarini walipata madhara machache na kufa kidogo kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Aspirini haichukui nafasi ya dawa hizi.

Maswali yako mawili ya mwisho. Kukohoa, kubana pumzi na kusukuma kama mtu anayejisaidia, kuzamisha uso kwenye maji baridi, hivyo vyote huisisimua vagasi. Vinakatiza aina nyingine ya moyo kwenda mbio, ile yenye mpangilio sawa kabisa, inayopita kwenye lango. AF havikatizi, na kwako wewe sioni sababu ya kuiongezea vagasi kazi wakati huo. Na usilikande shingo, kwa umri wetu mshipa ule unaweza kuwa na uchafu ukutani. Ukishikwa, keti, pumua kawaida, hesabu mapigo, andika. Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, kuzirai, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, au mapigo yamekaa juu ya 120 na hayashuki, hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche.

Kulala upande wa kulia, ndiyo, lijaribu. Wagonjwa wengi hutaja ubavu wa kushoto kuwa ndio unaowaanzishia, kwani moyo hapo unasogea na kugandamizwa ukutani mwa kifua, na chumba cha juu kinanyooka. Haitamsaidia kila mtu, ila haina gharama. Wali na samaki wa nazi kula saa moja jioni badala ya saa nne, sahani iwe ndogo, ulale zikishapita saa tatu tangu ule. Jumamosi ukitoka uwanjani usikae chini papo hapo. Tembea robo saa, jasho likauke lenyewe, ndipo uoge. Fanya hivyo kwa wiki sita ukiwa na daftari, kisha lipeleke lote kwa daktari wako, pamoja na ile ECG ya tatu. Iombe nakala, uitunze kwenye bahasha, na picha yake ibaki kwenye simu.